Mwaka Nilipocheza Mjinga Mbele ya Tume

Alhamisi iliyopita tulimzika mama yangu mdogo, Plasidia, kijijini Mbingu, na kabla jeneza halijashushwa alisimama shemeji yake, Mzee Kolumbani, akasoma historia ya marehemu. Alisoma kwamba marehemu aliolewa kwa ndoa ya kanisani, akafiwa na mume, kisha "akaamua kwa hiari yake kwenda Mngeta kutafuta maisha". Kwa hiari yake. Nilikuwa nimesimama na sare ya shule, ruhusa ya siku tatu imekunjwa mfukoni, na nusura niangue kicheko, kwa sababu mimi nikikasirika hucheka; ndiyo hitilafu niliyozaliwa nayo na imenilisha fimbo nyingi. Waombolezaji wakatikisa vichwa kukubali. Mzee Kolumbani akakunja karatasi yake, akajifuta jasho, akapewa kiti. Mimi niko kidato cha nne, nina miaka kumi na minane, na mwalimu wetu wa Kiswahili husema mtu wa umri wangu hana kumbukumbu za maisha, ana vituko tu. Sawa. Basi haya ni vituko vya mwaka wa tisini na moja, nilipokuwa darasa la saba Ifakara, mwaka ambao tume ilizunguka kutuuliza kama katiba ibadilishwe vyama viwe vingi, au tubaki na kile kimoja. Nikimaliza kuvieleza, anayetaka kuendelea kuamini ile karatasi aiamini.

Mpunga ukianza kuiva, nusu ya Ifakara huhamia mashambani. Nyumba za mjini zinabaki na wagonjwa, wafanyabiashara na mbuzi, na darasani mwalimu anaita majina akijijibu mwenyewe. Shamba la mama mdogo lilikuwa ng'ambo ya mto: unavuka kwa pantoni, halafu unatembea mpaka miguu inaanza kukutukana. Zilikuwa ekari mbili, alizozilima na mumewe miaka tisa. Mume alifariki masika ya mwaka wa nyuma, na siku ya arobaini Mzee Kolumbani, ambaye katika miaka hiyo tisa hakuna aliyemwona na tope juu ya kifundo cha mguu, alitangaza mbele ya wazee kwamba shamba ni la ukoo. Mjane alime msimu mmoja wa kuagana, avune, arudi kwao. Alilisema kwa sauti ya kumwonea huruma, na wazee wakampongeza kwa utu wake. Mimi mwisho wa wiki na siku za kutoroka nilikuwa kule kumsaidia kuamia ndege, tukilala kwenye dungu lake, kijumba juu ya nguzo chenye sakafu ya fito ambazo asubuhi unaweza kuzihesabu kwenye mbavu zako. Kutoka dunguni zilitoka kamba nne zenye makopo, kila upande wa shamba kamba moja, na kazi yangu ilikuwa kuzivuta kwelea wakishuka. Wakishuka kwelea hushuka kama shuka lililotupwa, na ukizubaa muda wa kupiga chafya wameshakula debe. Tulikuwa tunakula pepeta, ule mpunga wa kwanza unaokaangwa na kutwangwa ungali moto, pamoja na kambale wa kuchoma, na hadi leo sijapata chakula cha mjini kinachoweza kusimama mbele ya sahani ile.

Mama mdogo hakuwa mtu wa siasa. Mambo ya chama kimoja au kumi hayakumsumbua. Alisema wanaume hao watajuana wenyewe. Kilichomshika ni neno moja alilolisikia pantoni, kwamba watu watasimama mbele ya tume waseme wanachotaka kiandikwe katika katiba, na kikiandikwa hakuna mkubwa wa ukoo anayeweza kukifuta. Kuanzia siku hiyo akawa anafanya mazoezi juu ya dungu, kombeo mkononi. "Ndugu wajumbe wa tume, mimi naitwa Plasidia, ni mkulima, nimefiwa na mume..." Hapo ndege wanashuka, anawapigia ukelele na donge la udongo, halafu anarudi palepale alipoachia, bila kukosea. Hotuba ilikuwa ndefu mwanzoni, yenye marehemu, ng'ombe wa mahari na mafuriko. Akasikia kila mtu atapewa dakika moja, akaipunguza siku kwa siku kama anayepepeta mchele, hadi ikabaki kauli moja: mume akifa, shamba libaki kwa yule aliyekuwa akililima. Nilimtania kwamba ndege wameshakubali, imebaki tume. Akaniambia, "Ndege hawaandiki, Skola. Mimi nataka pa kuandikwa."

Shuleni nako tulikuwa na maandalizi yetu. Mwalimu Melkiori, aliyetufundisha Kiswahili na uimbaji, aliamriwa kutunga ngonjera. Msomaji aliyekulia nchi hii anazijua ngonjera: mmoja anauliza, mwenzake anajibu, beti kwa beti, na yule anayeuliza ni mjinga tangu anapofungua mdomo. Anatumwa kuwa mjinga. Anauliza upuuzi, anajibiwa, anabisha, anajibiwa tena, mwisho anakiri kwamba macho yamemfunguka, wageni wanapiga makofi, watoto wanapewa soda. Hakuna ngonjera hata moja niliyowahi kuisikia ambayo mwulizaji alishinda. Yetu ilikuwa na Bwana Kimoja, aliyechezwa na Fidelis, kiranja wetu mkuu, mnoko asiye na mfano, na Bwana Vingi, niliyemcheza mimi. Mwalimu alisema nimepata nafasi hiyo kwa sababu uso wangu tayari unachekesha. Nilivalishwa koti la mlinzi wa shule lililofika magotini na kofia ya pama, nikaingia kwa kupepesuka: "Hodi hodi nauliza, mwenzangu nielezee, ngoma moja yanichosha, nyingine uniletee." Niliipenda sehemu ile, sitadanganya. Darasa zima lilikuwa linakaa dirishani kutazama mazoezi, na kila siku nilikuwa naongeza mwendo mpya wa kuanguka.

Siku moja nilitumwa ofisi ya walimu kuchukua chaki, nikamkuta katibu wa kata ameketi kwenye kiti cha mwalimu mkuu, anakunywa chai ya mwalimu mkuu. Sitaji jina lake. Hata hivyo sisi tulimwita Ndugu Katibu mpaka mkewe naye alimwita hivyo. Nilipiga magoti kusalimu, wakanisahau palepale sakafuni nikiokota chaki. Alikuwa anamwambia Mwalimu Melkiori kwamba beti kumi ni chache, afikishe ishirini na nne. Mwalimu akasema watu watachoka. Katibu akamwelewesha kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu: wageni wana saa mbili tu, jioni wanatakiwa kwingine. Wimbo, ngonjera, hotuba ya kukaribisha, halafu wasemaji tisa ambao orodha yao anayo. Hapo muda umekwisha na hakuna aliyekatazwa kusema. "Mgeni hawezi kumkasirikia mtoto anayeimba," akamalizia, akachovya andazi. Nilitoka na chaki zangu nikiwa nimeelewa kila kitu, na nikajiona mjanja kuliko wote wawili. Kama muda wote utakuwa wetu, basi nitampa mama mdogo ubeti mmoja. Yeye akikosa nafasi, neno lake litakuwa limeshasemwa mbele ya tume, tena kwa vina. Niliutunga dunguni huku nikivuta makopo, nikaukariri, na sikumwambia mtu, hata yeye. Nilitaka kumshangaza.

Siku yenyewe ikaangukia katikati ya mavuno. Nani aliipanga hivyo, sijui. Ninachojua ni kwamba wenye mpunga wote walikuwa ng'ambo na ukumbi ulijaa watu wa madukani, watumishi na sisi watoto wa kujazia viti. Mama mdogo alikuja. Aliondoka dunguni alfajiri, akaacha kamba zinaning'inia bila wa kuzivuta, kwa maana mvutaji mwingine nilikuwa mimi na nimevaa koti la mlinzi. Majirani walimwambia ana wazimu. Aliingia ukumbini na kitenge chake kizuri, miguu ameinawa kisimani lakini tope limebaki kwenye kucha, akaketi kwenye benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Wajumbe walichelewa, wakaomba radhi. Mwenyekiti wao alikuwa mzee mpole mwenye miwani, aliyetusikiliza kwa makini mno hata nikamwonea huruma. Wimbo ukaimbwa, beti zake zote. Kisha tukaitwa sisi.

Nilianguka mara mbili kabla hata ya ubeti wa tatu, na ukumbi ulikuwa wangu. Katibu alikuwa anajipigapiga paja. Hata dereva wa wageni aliingia kutazama. Tulipofika ubeti wa kumi na saba, pale ambapo Bwana Vingi anatakiwa kudai kwamba kila mtu aanzishe chama chake jikoni, nikaruka huo, nikasimama wima, nikatoa wa kwangu:

*Mume akishafariki, shamba libaki na nani?*
*Shemeji jembe hashiki, mavuno yuko njiani.*
*Katiba impe haki, asitolewe shambani.*

Mtu angetegemea ukimya. Mimi niliutegemea, nilikuwa nimeshausikia kichwani siku nyingi. Ukumbi ulicheka. Walicheka kuliko nilipoanguka. Walikuwa wamecheka kila ubeti wa Bwana Vingi, kwa nini huu wausamehe? Mwanamke mmoja wa mbele alifuta machozi kwa upande wa khanga. Nikataka kusema jamani, huu siyo wa ngonjera, huu ni wa kweli, lakini nilikuwa na kofia ya pama inayonifika kwenye nyusi na koti lenye mikono inayoburuta. Na Fidelis, ambaye angeendelea kukariri hata jengo lingewaka moto, akanyoosha kidole akatoa jibu lake kama lilivyoandikwa: "Mwenzangu umepotea, hayo ni mambo ya ndoto, kwetu kila kitu shwari, usituletee moto." Lilikaa juu ya ubeti wangu kama kifuniko juu ya sufuria. Makofi. Nikamwangalia Mwalimu Melkiori. Alikuwa amekunja midomo, mkono mfukoni. Nikamtafuta mama mdogo, nikaona kitenge tu, vichwa vilikuwa vingi. Nikaendelea. Hilo ndilo ninaloshindwa kujisamehe kuliko hata kicheko: niliendelea mpaka mwisho, nikapiga goti moja mbele ya wageni nikasema macho yamenifunguka, ujinga umeniisha, chama kimoja nashika, vingine vyanikondesha. Makofi ya kopa. Soda.

Wasemaji tisa wakasema. Wa kwanza alisema chama kimoja, wa pili akasema anamuunga mkono wa kwanza, na kadhalika, isipokuwa wa saba aliyesahau maneno yake akasema anaomba daraja. Katibu akasimama kushukuru. Hapo mama mdogo akanyoosha mkono, na alipoona hauonekani akasimama. Mwenyekiti akavua miwani akasema kuna mama pale nyuma, apewe nafasi. Nilimwona mama mdogo akivuta pumzi. Akaanza kama alivyoanza mbele ya ndege mara mia, jina, mkulima, amefiwa na mume. "Mimi ombi langu ni moja. Mume akifa, shamba libaki kwa aliyekuwa—"

"Mama, hilo limeshajibiwa kwenye ngonjera," akasema Katibu.

Hakusema kwa ukali. Alitabasamu. Ukumbi ukapasuka upya, safari hii wakigeuka kumtazama, na mtu mmoja akaghani kwa sauti ya Fidelis, hayo ni mambo ya ndoto. Mwenyekiti alikuwa anauliza kitu, nadhani aliuliza amesemaje, lakini Katibu alikuwa ameshamwinamia sikioni na kuonyesha saa, na watu walikuwa wameshaanza kusogeza mabenchi kwa ajili ya pilau. Mama mdogo alibaki amesimama muda kidogo, kisha akaketi, kisha akaona anaketi peke yake akasimama tena.

Nilivua koti nikaliacha sakafuni. Mezani pembeni alikuwepo karani wa kata, kijana aliyeazimwa kuandika yanayosemwa, na alikuwa ameinuka kufuata sahani. Daftari lake lilikuwa wazi. Nilisoma juu chini, ufundi unaopatikana kwa kukaa mbele ya meza za walimu. Wasemaji tisa walikuwa wameandikwa kwa majina. Chini yao hakukuwa na Plasidia. Juu yao, kwenye mstari mmoja, alikuwa ameandika: Burudani – ngonjera, wanafunzi. Ndiyo hayo tu, beti ishirini na nne na ule mmoja ndani yake.

Tulirudi pamoja. Alfajiri alikuja peke yake, jioni hiyo nikaenda naye. Shule ingejua utoro wangu Jumatatu, na ilijua. Tulipokuwa katikati ya mto, baiskeli za watu zimetubana na injini ya pantoni inanguruma, akanigeukia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi na ningelipokea kwa mikono miwili. Akaniuliza bila hasira yoyote, kama mtu anayeulizia bei: "Skola, wewe ndiye unayejua kuchekesha. Pale walichekea nini?" Nikasema sijui. Akasema lakini ule ubeti ulikuwa mzuri, ombi lake liliingia lote, hata shemeji nilimtia. "Na yule kijana mwenye daftari aliuandika. Nilimwona, ulipokuwa unasema alikuwa ameinama anaandika." Nilifungua mdomo. Angalia, mimi nimeshawahi kumjibu mwalimu mkuu mstarini, nimeshamwambia mgambo kwamba kofia yake inamvaa. Sijawahi kukosa la kusema. Pale nilisema, "Ndiyo, mama mdogo," nikatazama maji.

Kwelea walikuwa wameshinda shambani kutwa nzima. Kipande cha upande wa mto kilibaki mabua yamesimama, masuke meupe matupu. Aliingia akapitisha kiganja juu ya masuke, hatua chache, akatoka. Keshokutwa yake Mzee Kolumbani akaja na baiskeli, amevaa viatu. Habari ya ukumbini ilikuwa imemfikia na ilikuwa imemnenepesha. Alisema alikuwa amempa mjane msimu wa kuagana kwa huruma, lakini mtu anayekwenda kuutangaza ukoo mbele ya wageni wa serikali hastahili huruma, na kwa hiyo mavuno nayo ni ya ukoo. Atakuja na vijana siku ya tatu kuvuna. "Hata tume yenyewe imekucheka, shemeji," akamwambia. "Umebaki na nani?" Mama mdogo akamjibu kwamba amesikia, akamuulizia hali ya watoto, akamsindikiza mpaka njia panda kama inavyompasa mtu mwenye adabu. Aliporudi alinoa visu viwili. Akina mama wa madungu ya jirani, walewale waliomwita mwendawazimu, waliona tunavuna kwa kukimbia wakaja mmoja mmoja bila kuitwa, wakaingia kutoka pande zote nne. Siku mbili. Aliponikabidhi mzigo wa mwisho kwenye pantoni, Mzee Kolumbani alikuwa na ekari mbili za mabua na haki ya ukoo juu yake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alisema mabua yanalimika.

Na kweli, msimu uliofuata yalilimwa na watu wa Mzee Kolumbani, na mama mdogo akapanga chumba Lumemo, chenye kitanda, sufuria tatu na dirisha lililozibwa kwa gunia. Mwanzoni mwa mwaka akapata watu wa kumpeleka Mngeta, kwenye shamba kubwa, akawe kibarua wa kupalilia mpunga usio wake. Wiki ile ya kufungasha tukasikia tume imekabidhi ripoti, na kwamba taarifa ya habari ya saa saba mchana itaieleza. Aliniagiza niende na redio ya nyumbani. Nilianika betri juani asubuhi nzima ili zipate nguvu. Tulikaa kitandani, redio kwenye sufuria iliyogeuzwa, mlango wazi. Msomaji akaeleza kwamba walio wengi wamesema chama kibaki kimoja, na kwamba hata hivyo tume imeshauri vyama viwe vingi, na hivyo ndivyo itakavyokuwa. Kumbe hata Ndugu Katibu na andazi lake alikuwa anatwanga maji. Beti ishirini na nne, wasemaji tisa, pilau, mpunga wa mtu mzima umeliwa na ndege, ili jambo liamuliwe kama ambavyo lingeamuliwa tungekaa kimya. Nilimwambia hivyo, kwa maneno mabaya kuliko haya. Mama mdogo akaninyamazisha kwa mkono.

"Bado hawajafika kwenye mashamba," akasema.

Msomaji akahamia habari za nchi za nje. Nikanyoosha mkono kuzima, akanizuia. "Acha. Kijana aliandika, nilimwona. Labda wameliweka mwisho." Nikasogeza redio karibu naye. Tukasikiliza matokeo ya mpira. Tukasikiliza matangazo ya vifo, majina ya watu na vijiji vyao, yeye ameinamisha sikio, anainua kidole kila sauti ya msomaji inapobadilika, na mimi niliyeusoma ule ukurasa kwa macho yangu nimekaa ubavuni mwake, ninasubiri naye.